THEMOSTATI YA MOTOKAA: JINSI YA KUCHAGUA NYINGINE ILE YA KWANZA IKIHARIBIKA

Katika nchi ya Meru na Embu barabara haziendi sawasawa. Motokaa itokayo Embu kwenda Meru mjini hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, na njiani huvuka mito mingi ishukayo kutoka Mlima Kenya, kama vile Thuci, Ruguti, Nithi na Mutonga. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko wake na kilima chake. Dereva hushuka akiwa ameuachia mguu wa mafuta na injini inapoa. Punde si punde huanza kupanda kwa gia ya pili, injini ikinguruma na maji yakipata moto. Apandaye kutoka Isiolo kwenda Timau huanza safari katika nchi kavu yenye jua kali, na kabla ya saa mbili kupita yuko katika ukungu na baridi ya kutafuta koti.

Nchi ya namna hii yaonyesha wazi kazi ya kifaa kidogo kiitwacho themostati. Walakini kifaa hicho ndicho ambacho mafundi wengi wa kando ya barabara hukitoa katika injini na kukitupa, wakimwambia mwenye gari kwamba ni kitu cha nchi za theluji, na kwamba Mwafrika mwenye jua lake hana haja nacho. Mwenye gari hufurahi kwa kuwa hakununua kitu. Furaha hiyo hulipwa baadaye, na aghalabu hulipwa kwa thamani ya injini nzima.

Yafaa basi ijulikane themostati ni nini, hufanya kazi gani, na mtu aliye na gari kuukuu anunueje nyingine iliyo sawa.

BAWABU WA MAJI

Katika kila injini inayopozwa kwa maji, mahali ambapo mmoja wa mipira mikubwa ya rejeta huungana na injini, mna kifaa cha shaba au chuma kinachotosha kukaa katika kiganja cha mkono. Kazi yake ni kazi ya bawabu. Maji yakiwa baridi, huufunga mlango ili yasiende kwenye rejeta, bali yazunguke ndani ya injini peke yake na kupata moto upesi. Yakiisha kupata moto wa kutosha, huufungua mlango kidogo kidogo, maji yakaenda kwenye rejeta kupozwa na upepo wa feni, kisha yakarudi.

Bawabu huyu huendeshwa na nta. Ndani yake mna kikombe cha shaba kilichofungwa na kujazwa nta iliyochaguliwa kwa makini. Nta ikiyeyuka huongezeka ukubwa kwa nguvu nyingi na kuusukuma msumari mdogo. Msumari huishinda springi, na mlango hufunguka. Nta ikipoa husinyaa, na springi huurudisha mlango mahali pake. Katika zilizo nyingi hamna umeme wala saa. Aliyeleta nta katika kazi hii ni Sergius Vernet, huko Marekani, katika miaka ya 1930.

Motokaa nyingi za miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa na themostati za namna nyingine, yaani mfuko wa bati uliokunjwakunjwa kama kinanda cha mkono, na ndani yake spiriti iliyogeuka mvuke ilipopata moto. Hata Volkswagen ya umbo la kobe, ambayo haikutumia maji kabisa, ilikuwa na mfuko kama huo wa kuongoza hewa ya kupozea injini. Mfuko wa bati ulipotoboka, mlango kwa kawaida ulibaki wazi, na gari likaendelea na safari yake, ingawa injini ilikuwa baridi. Themostati ya nta si hivyo. Nta ikivuja, hakuna cha kuisukuma springi, na mlango hubaki umefungwa. Maji hutokota upesi na dereva hujikuta kando ya barabara katikati ya moshi mweupe. Huenda hapo ndipo chuki ya mafundi juu ya kifaa hiki ilipoanzia. Fundi aliyewahi kuona hedi imepinda kwa sababu ya themostati iliyokwama hasahau, na kila gari liletwalo kwake huona heri aliondolee hatari hiyo. Shauri lake lina sababu, lakini ni sawa na kung'oa mlango wa nyumba kwa kuwa kitasa kilikwama mara moja.

JUA LA ISIOLO NA JOTO LA INJINI

Neno la kwamba nchi yetu ina joto halina nguvu mtu akipima. Siku ya jua kali huko Isiolo, au katika nchi ya Tharaka na Mbeere, hewa hufika digrii 30 na kitu za Sentigredi. Injini yataka maji yaliyo na digrii 80 na zaidi, mpaka 95 hivi. Kwa hiyo jua linalomtoa dereva jasho ni baridi mbele ya injini, na asubuhi ya Julai huko Timau, au katika mashamba ya chai yaliyo juu ya Runyenjes, ni baridi zaidi.

Injini isiyo na themostati hukawia sana kupata moto wake, na katika mteremko mrefu hata ule kidogo ilioupata huupoteza. Petroli haigeuki mvuke vizuri katika silinda iliyo baridi. Sehemu yake hubaki matone, hushuka kwenye kuta za silinda na kuosha oili iliyowekwa hapo ili pistoni isikwaruze. Maji yatokanayo na mwako, ambayo yangalitoka kama mvuke, hubaki katika oili na kuifanya tope. Gari lenye kompyuta ya kuongoza petroli hudanganyika: kompyuta huambiwa kwamba injini ni baridi, nayo huendelea kumwaga petroli nyingi kana kwamba gari limewashwa dakika hiyo hiyo. Mwenye matatu hushangaa kuona faida yake inaishia kwenye kituo cha petroli, asijue kwamba sababu ni tundu tupu mahali palipokuwa na themostati. Injini ya dizeli nayo hutoa moshi na kugonga asubuhi kwa muda mrefu kupita desturi yake.

Madhara haya hayaonekani siku moja, wala mshale wa joto hauyapigii kelele. Injini ambayo ingaliweza kudumu miaka mingi huanza kula oili mapema, na kila mtu husema kwamba gari lilikuwa bovu tangu liliponunuliwa.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika injini za namna nyingi themostati ina milango miwili. Wa kwanza ni ule wa kuyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Wa pili, ulio kama sahani ndogo chini ya springi, huiziba njia ya mkato ambayo maji huipitia injini ikiwa baridi. Mlango wa kwanza ukifunguka, wa pili hufunga. Ukiitoa themostati ya namna hiyo, njia ya mkato hubaki wazi daima, na kwa kuwa maji hupenda njia iliyo rahisi, mengi yao huzunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Hivyo gari lililotolewa themostati ili lisichemke laweza kuchemka zaidi kuliko kwanza, hasa katika kilima. Injini nyingi za Toyota zina sahani hiyo ya chini, na Toyota ndizo zilizojaa katika barabara za Meru na Embu, tangu Probox za abiria mpaka Hilux zichukuazo miraa kutoka Maua kwenda Nairobi.

SI DAWA YA KUCHEMKA

Kabla ya kununua, ni lazima mwenye gari aelewe jambo moja, maana asipolielewa atapoteza fedha yake. Themostati haipozi maji. Haiweki mpaka wa joto la juu, bali wa joto la chini. Themostati ya digrii 82 haisemi kwamba maji hayatapita digrii 82. Yasema tu kwamba yakiwa chini ya hapo hayataruhusiwa kwenda kupozwa. Mlango ukiisha kufunguka wote, bawabu amemaliza kazi yake, na yote yaliyobaki ni kazi ya rejeta, feni na pampu ya maji.

Kwa hiyo mtu ambaye gari lake huchemka kila apandapo kutoka mto Nithi, akaambiwa anunue themostati ya digrii 76.5 badala ya 82 ili injini ipoe, hatapata msaada autarajiao. Atapata dakika chache tu mwanzoni mwa kilima, kisha maji yatafika pale pale. Kama themostati yake hufunguka vizuri na bado gari huchemka, ubovu uko kwingine. Huenda rejeta imeziba kwa kutu na matope, au mkanda wa feni umelegea, au kifuniko cha rejeta kimechakaa, au gasketi ya hedi imeanza kuungua.

Kifuniko cha rejeta chastahili neno la peke yake, maana watu hukidharau. Maji katika sufuria iliyo wazi huko Mombasa huchemka kwa digrii 100. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Mjini Meru, ambako mwinuko ni kama mita 1,500, maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Timau, ambako mwinuko wapita mita 2,000, ni karibu na 93. Kama rejeta ingalikuwa wazi kama sufuria, injini ya huko ingalichemka karibu kila siku. Kifuniko chenye springi nzuri huyabana maji na kuyazuia yasichemke mpaka yapite digrii 110. Kifuniko kilicholegea huyaachia, na huko milimani hasara yake huonekana upesi kuliko pwani. Yule aliyetia kifuniko cha gari jingine, au aliyefunga kitambaa mahali pa kifuniko, asiilaumu themostati. Wala mtu asikifungue kifuniko injini ikiwa moto. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa hugeuka mvuke mara moja na kumrukia usoni, na wako waliopoteza macho kwa haraka hiyo.

KUNUNUA

Aendaye kwenye duka la spea na kusema, "Nipe themostati ya Toyota," hajasema kitu. Gari la jina moja laweza kuwa na injini za namna mbili au tatu, na kila moja ina themostati yake. Yapasa aende na namba ya injini, ambayo huandikwa katika kibati kilicho ndani ya boneti au kupigwa katika chuma cha injini yenyewe, kwa mfano 1NZ au 2L. Tena aende na ile ya zamani, hata kama imeoza. Magari mengi ya kwetu yamekwisha kubadilishwa injini mara moja au mbili, na kitabu cha gari chaweza kusema hivi na chuma kikasema vile. Chuma ndicho kisemacho kweli.

Akipewa mpya, aiweke kando ya ile ya zamani. Upana wa ukingo wa nje uwe sawa kabisa, maana ukipungua hata milimita moja themostati itacheza katika kiti chake na maji yatapita pembeni. Urefu uwe sawa, na sahani ya chini, kama ya zamani ilikuwa nayo, iwe na upana ule ule. Sahani isipofika kwenye tundu la njia ya mkato, hasara ni ile ile iliyokwisha kuelezwa. Hili ndilo kosa litokealo mara nyingi: themostati yaingia vizuri, fundi afunga bolti, mwenye gari alipa, na hakuna aliyeangalia sahani.

Kisha asome namba iliyopigwa katika shaba. Ni namba ya digrii ambazo mlango huanza kufunguka. Iliyo ya kawaida katika magari mengi ya Kijapani ni 82. Nyingine ni 76.5, nyingine 88, na magari mengine ya Ulaya hutumia zaidi ya hapo. Mlango hauruki mara moja. Themostati ya 82 huanza kufunguka kati ya 80 na 84, ikawa wazi kabisa kwenye 95 hivi. Ile ya 88 hufika mwisho wake karibu na 100.

Je, mtu wa Meru au Embu achague ipi? Achague namba iliyowekwa na watengenezaji wa injini yake, basi. Shauri la kutia ya chini kwa ajili ya joto la Isiolo halina faida kubwa, kama tulivyoona, na katika gari lenye kompyuta laweza kuleta ulaji wa petroli ule ule wa gari lisilo na themostati. Shauri la kutia ya juu ili injini ipate moto upesi katika baridi ya milimani ni baya zaidi, kwa kuwa dereva ataanza kilima akiwa amekwisha kutumia sehemu ya akiba yake. Gari likipewa 82 kiwandani, 82 yafaa Chuka, yafaa Maua, yafaa Mombasa. Ila kama duka lina 80 au 83 ya kampuni nyingine iliyo sawa kwa umbo, tofauti hiyo si neno.

Nyingi zina tundu dogo katika ukingo, na ndani yake pini inayochezacheza. Watu wengine hudhani ni kasoro, na fundi mmoja mmoja huilehemu. Pini hiyo ni njia ya hewa. Injini inapojazwa maji, hewa iliyobaki ndani hupenya hapo na kutoka. Pampu ikianza kusukuma, pini huziba tundu. Themostati ya zamani ikiwa na pini na mpya haina, afadhali mnunuzi atafute nyingine.

Mpira unaozunguka ukingo, au gasketi ya karatasi kwa injini zinazoitumia, ununuliwe mpya pamoja na themostati. Mpira wa zamani umekwisha kuwa mgumu kama ganda, na kuurudisha ni kualika uvujaji.

Kuhusu vitu vya bandia, Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia tangu mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kusimama katika kila duka. Boksi zuri si ushahidi, kwa maana boksi ni rahisi kuigwa. Mnunuzi aangalie namba ya digrii kama imepigwa katika chuma au imechorwa kwa wino tu. Aisukume springi kwa kidole gumba aone kama ina nguvu na kama mlango warudi kukaa sawasawa. Ainyanyue kwenye mwanga aone kama pana mwanya. Themostati iliyo mpya na baridi, ikipitisha mwanga ukingoni mwa mlango, irudishwe dukani hapo hapo. Kisha aipime nyumbani kabla ya kuifunga, na kipimo hiki hakina gharama ila kuni.

KUPIMA KATIKA SUFURIA

Uzi mwembamba hubanwa katika mlango wa themostati ikiwa baridi, na themostati huning'inizwa kwa uzi huo ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, kwa kuwa chuma cha sufuria kina moto kuliko maji. Maji hutiwa moto polepole na kukorogwa. Mlango ukianza kufunguka, uzi huachia na themostati huanguka. Hapo hutazamwa kipimajoto. Kipimajoto cha kupimia homa hakifai kabisa. Mwisho wake ni digrii 42, nacho kitapasuka. Kitumike kile kisomacho mpaka digrii 100 na zaidi, kama vile wanavyotumia wachemshaji wa maziwa.

Themostati ikianguka kwenye digrii mbili juu au chini ya namba yake, ni nzima. Kisha huachwa majini mpaka yachemke, ionekane mlango unafunguka kiasi gani. Katika nyingi ni milimita 8 au zaidi. Ikitolewa na kupoa, lazima mlango ufunge kabisa.

Lakini hapa fundi wa milimani ajihadhari. Kitabu cha watengenezaji kikisema kwamba themostati ya 88 huwa wazi kabisa kwenye digrii 100, kimeandikwa kwa watu wakaao karibu na bahari. Sufuria ya Meru haifiki digrii 100 hata ikichochewa kuni za mchana kutwa. Mwisho wake ni 95. Themostati nzima ya 88 ikipimwa hapo itafunguka nusu tu, na huko Timau itafunguka chini ya nusu. Fundi asiyejua jambo hili huitupa, hununua nyingine, nayo hufunguka nusu vile vile, akasema kwamba zote za siku hizi ni bandia. Kumbe ubovu hauko katika themostati, ni maji yaliyochemka mapema. Ndani ya injini, chini ya kifuniko kizuri, maji hupita digrii 100 yakihitajika, na mlango hufunguka wote. Kwa ile ya 82 shida hii ni ndogo, kwa kuwa mjini Meru na Embu maji yanayochemka yafika pale pale panapohitajika.

Asiye na kipimajoto aweza kutumia kuchemka kwenyewe kama kipimo. Themostati ya 82 ambayo haijafunguka kabisa katika maji yanayotokota imekufa. Iliyo wazi kabla ya kutiwa majini imekufa pia.

KUFUNGA

Kabla ya kufunga, kiti cha themostati husuguliwa mpaka kutu na gasketi ya zamani zitoke. Kikombe cha nta na springi hutazama upande wa injini. Ikigeuzwa, nta haitapata moto wa injini kwa wakati, na gari litachemka siku hiyo hiyo. Pini ya hewa huwekwa juu. Bolti hukazwa kwa kiasi, zote mbili kwa zamu, maana kifuniko chake mara nyingi ni cha aluminiamu nacho huvunjika kama kigae.

Maji ya kutia yawe safi na yachanganywe na dawa ya rejeta yenye kuzuia kutu. Maji ya mto baada ya mvua huleta matope, na maji ya visima vya nchi kavu mara nyingi yana chumvi inayoganda kama ukoko wa birika. Ukoko huo ukiushika msumari wa themostati, hata mpya haitadumu. Injini huwashwa kifuniko kikiwa kimefunguliwa tangu ikiwa baridi, na maji huongezwa mapovu yanapotoka, mpaka yatulie.

Kuthibitisha ni kwa mkono, feni ikikaa mbali na vidole. Katika gari ambalo themostati yake iko juu, mpira wa juu wa rejeta hubaki baridi kwa dakika kadhaa baada ya kuwasha, kisha kwa ghafula hupata moto. Ukianza kupata moto tangu mwanzo, themostati imekwama wazi au haimo. Katika injini ambazo themostati hukaa upande wa mpira wa chini, kama 1NZ ya Probox, ni mpira wa chini unaongoja.

Ikitokea kwamba themostati imekwama ikiwa imefungwa usiku, tuseme kati ya Chuka na Nkubu, ambako hakuna duka lililo wazi, dereva asimamishe gari, aache injini ipoe kwa nusu saa au zaidi, kisha aitoe na kuendelea polepole bila hiyo, akiutazama mshale wa joto katika kila kilima. Kama ni ya namna ile yenye sahani ya chini, mshale utapanda mapema, naye itambidi apumzishe gari mara nyingi zaidi. Ile iliyotolewa asiitupe korongoni. Aitie mfukoni, maana asubuhi ndiyo atakayoipeleka dukani kulinganisha na mpya.